Maswali Yaliyotushinda Ndiyo Mtaala Wetu

Hotuba kwa wakutubi na walimu wa maktaba wa Nyanda za Juu Kusini, jijini Mbeya

Ndugu mwenyekiti, viongozi mlioko meza kuu, wakutubi wenzangu wa maktaba za mikoa na za vyuo, na ninyi walimu mliokabidhiwa funguo za maktaba juu ya vipindi vyenu vya darasani: habari za asubuhi. Kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe, mugonile kwa wenyeji wetu wa Rungwe. Najua wapo waliopanda basi alfajiri na baridi hii kutoka Makambako na Sumbawanga, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeombwa nizungumzie mafunzo endelevu ya wakutubi. Kwa kawaida tukilitaja jambo hili mazungumzo huishia kwenye barua. Barua ya mwaliko wa semina imekuja, ada imeandikwa, nauli na malazi vimepigiwa hesabu, mwajiri hana fungu, barua inaingia kwenye faili na mwaka unapita. Mwaka unaofuata inakuja barua nyingine. Tumezoea kuamini kwamba kujifunza ni kusafiri, na asiyesafiri hajajifunza. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na Bagamoyo kilipo chuo chetu cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka ni mbele ya hapo. Tukisubiri safari, wengi wetu tutastaafu tukiwa na ujuzi uleule tulioanza nao kazi.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba mafunzo yetu yaanzie kaunta. Yaanze na maswali ambayo wasomaji walituuliza tukashindwa kuyajibu. Semina zije, nazihitaji na nitazidai kwa waajiri kabla sijashuka hapa, lakini zije kujaza pengo ambalo sisi wenyewe tumekwisha kulitambua na kuliandika.

Chukueni jambo linalotokea sasa katika maktaba za vyuo vyetu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anakuja kaunta na karatasi ya marejeo. Jina la mwandishi lipo, mwaka upo, jina la jarida lipo, hata kurasa zimeandikwa. Mkutubi anatafuta kwenye katalogi, hapati. Anaingia kwenye hifadhidata ya majarida, hapati. Akiwa na subira anafungua jarida lenyewe, toleo la mwaka ule, na kwenye kurasa zile anakuta makala ya mtu mwingine juu ya jambo jingine kabisa. Marejeo yale yametungwa na programu ya akili unde. Programu hizi hupanga maneno kwa kukisia neno gani linafaa kufuata, kutokana na maandishi mengi mno ambayo zilifunzwa kwayo, na zinaweza kutoa marejeo yenye sura ya kweli bila kuwa na kitabu wala makala nyuma yake.

Sasa angalieni tofauti ya wakutubi wawili. Ambaye hajawahi kuelezwa jambo hili atamwambia mwanafunzi, "Hiyo hatuna." Mwanafunzi ataondoka akiamini makala ipo Nairobi au London, ila maktaba ya Mbeya ni masikini. Anayelijua atamwambia, "Hii haipo popote, keti nikuonyeshe nilivyojua." Atamfungulia jarida, atamwonyesha kurasa, kisha watatafuta pamoja makala halisi juu ya mada ileile. Mwanafunzi wa pili amepata elimu ambayo hata mhadhiri wake huenda hakumpa. ChatGPT ilitolewa kwa umma Novemba 2022. Hakuna mtu katika ukumbi huu aliyehitimu kabla ya hapo ambaye alifundishwa chuoni namna ya kulijibu swali hilo. Tunajifunza kazini, au hatujifunzi.

Na hili si la kwanza. Wapo hapa waliojifunza kazi kwa kadi za katalogi, kadi moja ya mwandishi, nyingine ya jina la kitabu, nyingine ya mada, na kisanduku cha droo ndogondogo ambacho wanafunzi wa leo hawajakiona. Zikaja kompyuta. Ikaja Koha, programu ya maktaba iliyotengenezwa New Zealand, ikaanza kutumika Januari 2000, na leo vyuo vyetu vingi vinaitumia kwa sababu hailipiwi leseni. Zikabadilika hata kanuni za kuorodhesha: zile tulizozizoea zikapisha kanuni mpya ziitwazo RDA, zilizotolewa 2010. Kila badiliko lilimkuta mkutubi akiwa kazini, na wapo waliobadilika nalo peke yao, usiku, kwa bando walilonunua wenyewe. Hao nawaheshimu sana. Lakini taaluma haiwezi kutegemea ushujaa wa mtu mmojammoja.

Niseme kidogo kuhusu uorodheshaji, yaani kukiandikia kitabu rekodi yake kwenye katalogi, maana hapo ndipo ninapoona pengo kubwa zaidi, na halizungumzwi kwa kuwa msomaji halioni moja kwa moja.

Wengi wetu tulipofundishwa Koha tulifundishwa kunakili rekodi. Unaandika namba ya kitabu, programu inatafuta kwenye katalogi za maktaba kubwa za nje, rekodi inashuka imekamilika, unaongeza namba ya nakala yako na kubandika lebo. Kwa kitabu cha uhandisi kilichochapishwa Marekani ni kazi ya dakika chache. Sasa chukua kitabu cha Kiswahili cha mchapishaji mdogo, au kijitabu cha historia ya parokia, au taarifa ya utafiti wa mazao iliyochapishwa nakala chache hapahapa nyanda za juu. Unatafuta, hakuna kinachoshuka. Hapo mkutubi aliyefundishwa kunakili tu anakwama. Kitabu kinawekwa pembeni "kitashughulikiwa", na pembeni hapo kinakaa. Rafu inajaa vitabu vya mbali ambavyo vina rekodi tayari, na vitabu vyetu wenyewe, ambavyo hakuna mwingine duniani atakayetuorodheshea, vinabaki kwenye boksi chini ya meza.

Ndugu zangu, hilo boksi ni mada ya mafunzo. Halihitaji mtaalamu kutoka nje ya nchi. Linahitaji watu watatu au wanne wakae mchana mmoja na kitabu kimojakimoja mkononi, wakubaliane jina la mwandishi liandikwe vipi, maana sote tunajua jinsi mtu mmoja anavyoweza kuonekana kwenye katalogi kama watu wawili kwa sababu mara moja limeanza jina lake na mara nyingine la baba yake. Wakubaliane namba. Katika mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, fasihi ya Kiswahili huenda 896.392, na lugha yenyewe 496.392. Mpango ule ulianza Marekani mwaka 1876, na ukiutazama utaona lugha za Ulaya zimepewa nafasi pana kuanzia 420, na lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya 496. Hatuwezi kuubadilisha kutoka Mbeya. Lakini mkutubi anayeujua muundo huo atajua ni wapi ajipanulie namba kwa uangalifu, ili vitabu vya Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kisafwa visirundikane pamoja bila mpangilio, na ataandika uamuzi wake ili anayemrithi asianze upya.

Kisha waangalie msomaji atakitafutaje kitabu hicho. Mkulima wa viazi mviringo, au mwanawe anayesoma diploma ya kilimo, atakuja na neno "ukungu". Taarifa ya kitaalamu inasema "bakajani chelewa". Rekodi ya kunakili ina maneno ya Kiingereza matupu. Kwenye rekodi ya MARC, muundo ambao kompyuta za maktaba husoma maelezo ya kitabu, ipo sehemu ya 653 ambapo mkutubi anaruhusiwa kuweka maneno yake ya mada, na anaweza kuyaweka kwa Kiswahili, yote mawili, la shambani na la kitabuni. Ni kazi ya nusu dakika. Nimeona katalogi nyingi ambazo sehemu hiyo iko tupu kuanzia rekodi ya kwanza hadi ya mwisho, na waliozijaza ni watu wenye bidii na vyeti vizuri. Hakuna aliyewaambia tu.

Nimetaja viazi kwa sababu nyanda hizi zinaishi kwa kilimo, na swali la kilimo ni swali la maktaba. Tangu 2003 upo mpango wa AGORA chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwenzake wa afya, Hinari, ulianza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Leo yote imo ndani ya Research4Life, inayofungulia vyuo, vituo vya utafiti, hospitali za kufundishia na vituo vya ugani vya nchi kama yetu maelfu ya majarida, bila malipo au kwa gharama ndogo. Taasisi inajiandikisha, inapewa jina na nenosiri. Na hapa naomba kila mkuu wa maktaba ajiulize: nenosiri la taasisi yako analijua nani? Mahali pengine alikuwa analijua mtu mmoja, akahamishwa, na majarida yakafungwa kwa kila mtu pasipo kifaa chochote kuharibika. Wahadhiri wakawa wanalalamika kwamba hakuna machapisho mapya, na machapisho yapo.

Mtu wa maktaba ya mkoa ataniambia, sisi hatumo kwenye orodha ya wanaostahili. Sawa. Lakini hapa Mbeya mjini unapanda daladala unafika TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, tuna Teofilo Kisanji, tuna kampasi ya Mzumbe, tuna chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa wana Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha, wote ndani ya mji mmoja na maktaba ya mkoa. Wakutubi wa maktaba hizi hukutana kwenye misiba na harusi. Ni mara chache sana wanakutana kwa kazi. Mwenye ujuzi wa kuhifadhi tasnifu kidijitali yuko mtaa wa pili kutoka kwa yule ambaye tasnifu zake zinaliwa na mchwa, na wote wawili wanasubiri semina ya Dar es Salaam.

Tuwatazame walimu. Wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na msingi wake ni jumuiya za kujifunza zinazokaa palepale shuleni, walimu wenyewe kwa wenyewe, juu ya tatizo la darasa lao. Wauguzi na madaktari nao hawahuishi leseni mpaka waonyeshe wamejiendeleza. Sisi hatuna leseni ya kuhuisha, na kwa hiyo hakuna anayetuuliza. Nasema kwa dhati kwamba kutoulizwa huku kumetudhuru. Tunawaambia wasomaji kila siku kuuliza si ujinga, halafu sisi wenyewe swali likitushinda tunalifunika haraka, tunasema mtandao uko chini, na swali linapotea.

Ndiyo maana ombi langu kwenu ni dogo na nalisisitiza. Wekeni daftari kaunta. Daftari la kawaida la mistari. Kila swali lililokushinda, au ulilolijibu huku moyoni ukijua jibu halijatosha, liandike siku hiyohiyo kama msomaji alivyolisema, bila jina lake. Usilisahihishe, usilipambe. "Nataka kesi za ardhi za karibuni." "Hii makala siioni." "Nimeambiwa nitumie muundo wa APA toleo la saba." "Mtoto wangu haoni vizuri, mna vitabu vya kusikiliza?" Mwisho wa mwezi fungueni daftari hilo mkae pamoja, hata mkiwa wawili, hata ukiwa peke yako na mwalimu mmoja. Chagueni swali moja. Nani hapa analijua? Kama hayupo, nani katika mji huu analijua? Mwalikeni, au mfuateni. Jibu likipatikana, mwandike chini ya swali jinsi lilivyopatikana, hatua kwa hatua, ili kijana wa mafunzo kwa vitendo atakayekuja Juni alisome na kuliweza. Swali lililokosa mjuzi mji mzima, hilo ndilo la kupeleka kwa chama chetu na kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, tukisema: tunaomba semina ya jambo hili, na huu hapa ushahidi. Naamini ombi la namna hiyo lina uzito kuliko barua ya kuomba "kuongezewa ujuzi".

Nimesema bila jina la msomaji, na nina sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nendeni mkatazame daftari la wageni mlangoni mwa maktaba zenu: jina, namba ya simu, anakotoka, sahihi, na kalamu imefungwa kwa uzi ili kila anayeingia asome za waliomtangulia. Binti anaandika namba yake, kijana aliye nyuma yake kwenye foleni anaikariri. Rekodi za nani kaazima nini nazo ziko wazi kwa yeyote anayekaa kwenye kompyuta ile. Siamini kuna mkutubi anayetaka kumdhuru msomaji wake. Ni kwamba sheria imekuja tukiwa kazini na hatukukaa kuisoma pamoja. Ifanyeni kuwa kikao cha kwanza, maana marekebisho yake mengine hayahitaji fedha: kadi moja kwa kila mgeni badala ya daftari la wazi, na nenosiri kwa kila mtumishi.

Kwa walimu wa maktaba za shule nitasema machache, maana kilio chenu kikuu ni muda na vitabu, na hayo siwezi kuwapa leo. Lakini wengi wenu mna vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Maktaba ya mkoa iliyo jirani yenu isikae kusubiri mwalimu aombe. Ifungue mlango Jumamosi moja imfundishe kupanga rafu, kuandikisha kitabu kwenye rejesta, na kutenga kilichochakaa. Kuna shule ambazo vitabu viko kabatini, kufuli limefungwa, kwa kuwa mwalimu anaogopa kuvilipia vikipotea. Mwalimu huyo ana haki ya kuogopa ikiwa hakuna aliyemfundisha namna ya kuazimisha na kufuatilia.

Sasa waajiri. Mlioko meza kuu mtanisamehe, lakini nimesema nitadai, na nadai. Mambo niliyoyasema ya daftari na ujirani hayawaondolei ninyi wajibu. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, katika mwongozo wake wa 2016 juu ya kujiendeleza kitaaluma, linausambaza wajibu huu kwa mkutubi mwenyewe, mwajiri, vyama na vyuo, wote kwa pamoja. Linapendekeza kiasi cha asilimia 10 ya saa za kazi ziwe za kujifunza, na angalau nusu hadi moja ya asilimia ya bajeti ya taasisi itengwe kwa kuendeleza watumishi. Kwa wiki ya saa 40 hizo ni saa nne. Siombi nne. Naomba mbili kila wiki mbili, maktaba ikiwa na mtu mmoja kaunta na wengine wamekaa wanajifunza, pasiwe na mtu wa kuwaita wavivu. Watumishi wa umma tunajaza kazi zetu kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi. Mkuu wa kitengo, ruhusu kujifunza kuwemo humo kama kazi, pamoja na kile kitakachoonekana mwishoni: boksi la vitabu vya Kiswahili limeorodheshwa, nenosiri la AGORA linajulikana na watu watatu.

Na cheti? Nalijua swali hilo lipo, nimeliona nyusoni mwenu. Cheti kina kazi yake, hasa kwa kupanda daraja, na anayepata nafasi ya kwenda Bagamoyo au chuo kikuu aende kwa moyo wote. Chuo kile kimetulea tangu 1989. Lakini wapo wenzetu wasaidizi wa maktaba waliokaa kaunta muda mrefu kuliko sisi wote, ambao hawatakwenda tena chuo, na ndio msomaji anaowakuta wa kwanza. Mafunzo yanayohitaji cheti cha kuingilia yanawaacha nje. Kikao cha daftari hakimwachi mtu nje, na mara nyingi wao ndio wanaokumbuka swali liliwahi kuulizwa lini na likajibiwaje.

Kabla ya chakula cha mchana naomba tufanye mambo mawili. Kuna karatasi tatu ukutani: Mbeya na Songwe, Iringa na Mafinga, Njombe na Makambako. Wa Rukwa na Ruvuma chagueni inayowafaa kwa nauli, au bandikeni yenu. Andika maktaba yako na jambo moja ambalo unaweza kumfundisha mwenzako, hata liwe kushona kitabu kilichofumuka. Chini yake andika swali moja lililokushinda tangu mwaka huu uanze. Kila kundi litoke hapa likiwa limekubaliana tarehe na maktaba itakayopokea kikao cha kwanza, na aliyeandika anajua Koha vizuri asiruhusiwe kuondoka bila kupangiwa siku.

Kalamu ziko kwa katibu. Asanteni sana.